Kiti Ambacho Serikali Haikukitaka

Juni 2011, Willy Mutunga aliapishwa kuwa Jaji Mkuu wa Kenya. Wengi wa rika langu tunamkumbuka kwa kile kipini cha sikioni ambacho nchi nzima ilikijadili kana kwamba ndicho kilichoomba kazi. Mimi nataka kuzungumzia cheo chake kingine, cha zamani na kidogo zaidi, ambacho hakikuwa na joho wala gari la serikali. Mwishoni mwa miaka ya 1970, akiwa mhadhiri kijana wa sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi, wenzake walimchagua kuwa katibu mkuu wa chama cha wahadhiri.

Ukisikia hivi leo unaweza kuuliza, sasa hapo kuna stori gani? Katibu wa chama cha wafanyakazi ni mtu wa kuandika kumbukumbu za mkutano, kutuma barua kwa utawala, na kulaumiwa mshahara ukichelewa. Lakini fuata tarehe. Mwaka wa 1980 serikali ya Moi ilikipiga marufuku chama hicho, sawia na chama cha watumishi wa serikali. Mwaka wa 1982 Mutunga aliwekwa kizuizini bila kuhukumiwa, akapoteza na kazi ya ualimu. Aliachiliwa 1983. Kati ya kuchaguliwa katibu na kufungiwa kuna miaka kama mitatu hivi.

Hayo ndiyo yaliyonivuta kwenye historia hii. Sisi tumezoea kusoma habari za wapiganiaji demokrasia kupitia vyama vya siasa: nani alihutubia Kamukunji, nani alikamatwa, nani alihama chama. Tunasahau kwamba kabla ya Kenya kuruhusiwa tena kuwa na zaidi ya chama kimoja cha siasa, kulikuwa na watu waliokuwa wakipiga kura za kweli, wakihesabu, na kumtangaza mshindi, ndani ya vyumba vya mihadhara. Na serikali iliona haraka kwamba hilo lilikuwa tatizo.

*

Ili uelewe ni kwa nini, tazama jinsi chuo kilivyokuwa kimejengwa. Rais wa nchi ndiye aliyekuwa Chansela. Yeye ndiye aliyekupa digrii siku ya mahafali, na yeye ndiye aliyemteua Naibu Chansela anayeendesha chuo siku hadi siku. Mamlaka yalishuka kutoka juu, kama maji ya tangi la juu ya paa: aliye juu akifunga koki, wote chini mnakauka.

Chama cha wahadhiri kilikuwa kinyume cha mpangilio huo. Katibu wake hakuteuliwa na yeyote. Alisimama mbele ya watu anaofanya kazi nao, watu wanaojua kama huwa anafika darasani kwa wakati, akawaomba kura. Akishinda, alikuwa na kitu ambacho Naibu Chansela hakuwa nacho: angeweza kusema "wenzangu wamenituma" na ikawa kweli.

Na walimtuma nini? Si mshahara pekee. Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa siku ya mwisho ya mwaka wa 1977, akakaa kizuizini karibu mwaka mzima, akaachiliwa Desemba 1978. Alipotoka, hakurudishiwa kazi yake ya uprofesa. Chama cha wahadhiri kililishika jambo hilo kama suala la kazi: mfanyakazi ameondolewa bila kosa lolote kuthibitishwa, basi arudishwe. Ukiliweka hivyo linaonekana dogo na la kawaida kabisa, lakini serikali haikuwa na jibu lake. Ungesema mtu huyu ni hatari kwa usalama wa nchi, wangekuuliza: mbona hamkumshtaki? Ungesema ni suala la siasa, wangekujibu: hapana, ni suala la ajira, tuonyesheni barua ya kumfuta.

Ndiyo maana naamini kilichoogopwa hakikuwa hotuba kali. Wahadhiri wengi walikuwa na hotuba kali na hawakuguswa kwa miaka. Kilichoogopwa ni mtu mwenye hotuba, kura na barua yenye mhuri. Kura iliyofanya watu wamsikilize mtu ilitosha kumweka pabaya. Micere Githae Mugo alipochaguliwa mkuu wa kitivo, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo pale Nairobi, alihangaishwa na polisi, na mwaka wa 1982 akaenda uhamishoni. Kwa wanafunzi ilikuwa vivyo hivyo. Mwaka wa 1987, Robert Wafula Buke alichaguliwa mwenyekiti wa SONU. Siku chache baadaye alikuwa mikononi mwa polisi, na akahukumiwa miaka mitano jela, eti alikuwa jasusi wa Libya. Chama chenyewe kikapigwa marufuku.

Kwa hiyo katika miaka hiyo, kuchukua fomu ya kuwania kiti chuoni hakukuwa tu kuomba kazi ya kujitolea. Ulikuwa unaweka jina lako kwenye orodha mbili kwa wakati mmoja: orodha ya wagombea, na orodha nyingine ambayo hukuonyeshwa.

*

Desemba 1991 sheria ya chama kimoja ilifutwa. Mwaka uliofuata Kenya ilikuwa na FORD, ikagawanyika mara mbili, ikawa na DP, na uchaguzi wa vyama vingi ukafanyika tarehe 29 Desemba 1992. Watu walidhani mlango umefunguka. Wahadhiri wa vyuo vikuu vinne vya umma vya wakati ule, yaani Nairobi, Kenyatta, Moi na Egerton, wakaamua kufufua chama chao. Safari hii kingekuwa cha nchi nzima: UASU. Mwenyekiti alikuwa Korwa Adar wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Katibu mkuu alikuwa Kilemi Mwiria wa Kenyatta.

Serikali ilikataa kukisajili.

Hebu tulia hapa kidogo, kwa sababu hii sehemu huwa naisoma mara mbili. Mwaka wa 1993 Mkenya angeweza kusajili chama cha siasa chenye lengo la kumng'oa rais Ikulu. Mhadhiri hangeweza kusajili chama chenye lengo la kudai nyongeza ya mshahara. Yaani serikali ilikuwa tayari kugombana na wapinzani bungeni, lakini haikuwa tayari kukaa mezani na walimu wa fizikia. Nadhani sababu ni ileile ya 1980. Chama cha siasa ungekishinda kwenye uchaguzi, ungekigawanya, ungewanunua wabunge wake mmoja mmoja. Chama cha wafanyakazi kina silaha moja isiyohitaji wabunge: watu wanaacha kufanya kazi.

Na waliacha. Tarehe 29 Novemba 1993 wahadhiri waligoma wakidai usajili. Mgomo ukavuka Krismasi, ukaingia 1994, ukaendelea kwa miezi. Viongozi wakafutwa kazi. Tena kwa wengi wao kazi ilikuja na nyumba, kwa hiyo barua ya kufutwa ilifuatwa na amri ya kuhama. Fikiria hilo kwa macho ya familia. Baba amechaguliwa na wenzake kuwaongoza, na wewe mtoto unaona vitanda na masufuria vikitolewa nje. Mtu akikuambia leo kwamba siasa za vyama vya wafanyakazi ni za watu wanaotafuta vyeo, mkumbushe kwamba wakati mmoja cheo hicho kilimgharimu mtu mahali pa kulala.

Mgomo ulivunjika bila chama kusajiliwa. Adar akaenda kufundisha Afrika Kusini. Kwa miaka kadhaa jina UASU lilibaki la chama ambacho kila mhadhiri alijua kipo na kisheria hakikuwapo.

Kisha ikaja 2003. NARC ilikuwa imeshinda, Kibaki yuko Ikulu, na mambo mawili yakatokea mwaka huohuo. La kwanza, UASU ikasajiliwa, miaka ishirini na mitatu tangu marufuku ya 1980. La pili, Rais akaacha kuwa Chansela wa kila chuo kikuu cha umma, akateua watu wengine washike nafasi hizo. Watu huyataja mambo haya mbalimbali, lakini kwangu mimi ni jambo moja. Tangi la juu ya paa lilishushwa kidogo, na walio chini wakaruhusiwa kuchimba kisima. Na Kilemi Mwiria, yule katibu mkuu aliyenyimwa usajili? Alikuwa amechaguliwa mbunge wa Tigania Magharibi na kuteuliwa waziri msaidizi wa elimu, katika serikali ileile iliyotoa cheti.

*

Mimi sikumaliza chuo. Niliacha mwaka wa tatu, karo ikiwa imenishinda, na tangu hapo naishi kwa kuandika vibarua: makala hapa, maelezo ya bidhaa pale, tafsiri ikibidi. Lakini familia yetu haijatoka chuoni kabisa, kwa sababu mama yangu ni mpishi katika jiko la kampasi moja, kampasi ambayo sitaitaja kwa kuwa bado anaamkia huko. Na mama ndiye aliyenisukuma nianze kuchimba haya yote.

Alikuja nyumbani siku moja akasema wenzake wanamtaka asimame. Unaibu mweka hazina wa tawi. Sababu yao ilikuwa nzuri: mama ndiye anayeweka daftari la chama cha akina mama pale mtaani, na kwa miaka yote hakuna shilingi imewahi kupotea. Kumbuka, vyuo havina wahadhiri pekee. Wafanyakazi wasiofundisha wana KUSU, na wengi wa jikoni, usafi na hosteli wako KUDHEIHA. Migomo mikubwa ya vyuo hutajwa kwa jina la wahadhiri, lakini chakula kikikosa kupikwa, kampasi inajua kabla ya saa tano.

"Wewe si ulisoma?" akaniuliza. "Niambie. Nikisimama halafu nianguke, nani atanilinda?"

"Nilisoma hadi mwaka wa tatu, mama."

"Basi niambie ya mwaka wa tatu."

Nikamtafutia. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama, kujiunga nacho, kushiriki shughuli zake na kugoma. Hiyo wengi wanaijua. Ambayo hawaijui iko kwenye Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 46, kinachoorodhesha sababu ambazo mwajiri hawezi kuzitumia kumfuta mtu. Mojawapo ni kuwania cheo cha chama cha wafanyakazi. Nilimsomea tena: kuwania, si kushinda tu. Aliyeandika sheria hiyo alielewa kwamba hatari huanza unapochukua fomu, siku nyingi kabla ya kura.

Nilikuwa na furaha ya mtu aliyepata jibu. Mama akanitazama akiwa anachambua mchele.

"Ni nzuri," akasema. "Lakini sheria haijui vile supavaiza wangu hupanga zamu."

Na kandarasi yake ilikuwa ya mwaka mmoja mmoja. Mtu wa kandarasi hafutwi. Karatasi yake inaisha tu, na hakuna anayeandika sababu.

Alichukua fomu hata hivyo. Alizunguka jikoni, ofisi za masijala, na kwa watunza bustani, akiomba kura kwa sentensi moja: "Nitawaambia pesa zenu zimeenda wapi." Alianguka kwa kura kumi na moja, akashindwa na karani ambaye ana simu nzuri na marafiki utawalani. Kandarasi yake ilifanywa upya. Zamu zake zote sasa ni za alfajiri. Mwezi uliofuata alienda ofisi ya tawi akaomba kuona vitabu vya hesabu, kwa sababu sheria inamruhusu mwanachama kuvikagua, awe na cheo au asiwe nacho. Walimwambia arudi Alhamisi. Akarudi Alhamisi.

*

Leo uchaguzi wa chama cha wafanyakazi chuoni una sura nyingine. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inasema uchaguzi ufanywe kwa kufuata katiba ya chama iliyosajiliwa, na Msajili wa Vyama vya Wafanyakazi aarifiwe kuhusu matokeo ndani ya siku 14. Ukisimama, hakuna Land Rover inayokungoja nje usiku. Kuna mabango, kuna makundi ya WhatsApp, kuna hesabu za nani anatoka wapi. Wagombea wa tawi hupigiwa kura na wanachama wa chuo chao, lakini viongozi wa kitaifa huamuliwa na wajumbe, kwa hiyo anayetaka kiti cha juu hahitaji kumshawishi kila mhadhiri nchini. Anahitaji kuwajua wajumbe, na kujua hoteli watakayolala.

Nilipokuwa chuo niliona siku moja ya kura kama hiyo. Masomo yalisimama, hema likawekwa karibu na maktaba, na malekchara waliokuwa wakitufokea kwa kuchelewa wakapanga foleni kama sisi wakati wa kompe za SONU za zamani ambazo tulizisikia kwa hadithi tu. Kulikuwa na kelele, kulikuwa na mtu aliyedai jina lake halimo kwenye sajili, kulikuwa na maji ya chupa ya bure yenye picha ya mgombea. Komredi mmoja kando yangu akacheka: "Hawa pia ni MCA tu."

Ni rahisi kucheka. Pesa za wanachama hukatwa moja kwa moja kwenye peslipu kila mwezi, kwa hiyo chama kikubwa kina mapato ya uhakika, na penye mapato ya uhakika huja watu wanaoyapenda kuliko wanavyowapenda wanachama. Mtu anaweza kukaa kitini miaka mingi akijua hata asipofanya lolote, makato yatakuja mwisho wa mwezi. Na kuna kundi ambalo halipati hata nafasi ya kukasirishwa na uchaguzi: wahadhiri wa muda, wale wanaofundisha darasa hapa na darasa pale, mara nyingi wakilipwa kwa kuchelewa sana. Asiye na mshahara wa kila mwezi ni vigumu kukatwa ada ya chama, na asiyekatwa ada ni vigumu kuwa kwenye sajili ya wapiga kura. Anayehitaji chama zaidi ndiye aliye mbali nacho zaidi. Hilo halikuletwa na Moi. Limekua polepole, ndani ya sheria, mchana kweupe.

Lakini angalia pia kilichotokea 2025. Wafanyakazi wa vyuo vikuu vya umma waligoma kuanzia katikati ya Septemba, mgomo ukachukua siku 49, hadi tarehe 5 Novemba. Walichokuwa wakidai ni shilingi bilioni 7.9 zilizobaki kwenye mkataba wa maelewano wa 2017 hadi 2021. Mkataba ulikuwa umeshatiwa saini na muda wake ulikuwa umekwisha, na pesa bado hazijalipwa. Serikali ilikubali kulipa kwa awamu mbili. Wanafunzi waliumia, na najua vizuri vile wiki saba za hosteli bila masomo zinavyomaliza hela ya mtu. Swali ni, bila watu waliochaguliwa, nani angeketi upande wa pili wa meza na kusema tulikubaliana hivi, karatasi ni hii? Aliyesema hivyo mwaka wa 1979 alikuja kufungiwa 1982. Mwaka wa 1993 alitolewa nyumbani. Mwaka wa 2025 alirudi na tarehe ya malipo.

Tofauti hiyo ilinunuliwa, na waliolipa hawakuwa wote mashujaa. Walikuwa walimu wa sheria, wa siasa na wa elimu, wenye mitihani ya kusahihisha, waliokubali jina lao liandikwe ubaoni. Naandika haya nikiwa mtu asiye na chama. Wanaonipa kazi hawajuani, wafanyakazi wenzangu siwajui, na anayechelewesha malipo yangu huwa anajua kwamba niko peke yangu. Wengi wenu mnaosoma hapa mko hivyo pia: waendesha boda wa programu za simu, waandishi wa kidijitali, wanaofundisha mtandaoni kwa saa. Hatuna sajili ya wanachama, hatuna tawi, hatuna hema karibu na maktaba.

Kwa hiyo ukisikia kuna kura za chama mahali unapofanya kazi, au mahali mzazi wako anapofanya kazi, uliza mambo matatu kabla ya kuuliza mgombea anatoka wapi. Nani yuko kwenye sajili na nani ameachwa nje? Hesabu za mwaka jana ziko wapi? Na mgombea huyu, siku utawala ukimwita peke yake ofisini, amewahi kusema hapana?